Jinsi ya Kusoma Mwenendo wa Mafuta na Gesi ya Nchi: Kutoka Takwimu za Visima hadi Pengo la Ziada na Nakisi

Karibu na mwaka 2004, Indonesia ilikuwa bado inachimba zaidi ya mapipa milioni 1 ya mafuta kwa siku, na ilikuwa mwanachama wa OPEC, jumuiya ya nchi zinazouza mafuta nje, tangu 1962. Hata hivyo, ndicho kipindi ilipogeuka kuwa nchi inayoagiza mafuta mengi kuliko inayoyauza. Visima vyake havikukauka. Mistari miwili ilikutana tu: wa uzalishaji ulikuwa unashuka taratibu, na wa matumizi ulikuwa unapanda bila kupumzika. Mwanzoni mwa 2009 uanachama wake OPEC ukasimamishwa, kwa sababu haina maana muagizaji kukaa meza moja na wauzaji kupanga bei ya juu.

Aliyekuwa akitazama mstari wa uzalishaji peke yake alishtuka. Aliyeichora mistari yote miwili kwenye karatasi moja alikuwa ameliona jambo hilo miaka mingi kabla. Mwongozo huu unafundisha namna ya kuichora, kuisoma, na kukwepa mitego ambayo huwapotosha hata watu wenye elimu kubwa. Unachohitaji ni lahajedwali ya kawaida na subira.

Hatua ya 1: Amua "mafuta" ni nini na "gesi" ni ipi

Makosa mengi huzaliwa hapa, kabla namba hata moja haijaandikwa. Jedwali moja likisema "uzalishaji wa mafuta" linaweza kumaanisha mafuta ghafi peke yake. Jingine linajumlisha kondenseti, yaani mafuta mepesi yanayotoka pamoja na gesi. Jingine linaongeza vimiminika vinavyotenganishwa na gesi kiwandani, kama propani na butani, na wengine hutia humo hata nishati inayotengenezwa kwa mimea. Marekani inaonyesha ukubwa wa tofauti hiyo. Mwaka 2023 mafuta ghafi yake yalikuwa wastani wa mapipa milioni 12.9 kwa siku, lakini ukijumlisha vimiminika vyote unapita milioni 19. Namba zote mbili ni sahihi, ila haziwezi kuwekwa kwenye mstari mmoja.

Kwa gesi tatizo ni kubwa zaidi, kwa sababu si gesi yote inayopanda kisimani inayomfikia mtu. Sehemu hurudishwa ardhini ili kusukuma mafuta yapande, sehemu huchomwa hewani palepale, na sehemu hutumika kuendesha mitambo ya kisima chenyewe. Inayobaki ndiyo gesi ya sokoni. Kule Prudhoe Bay, Alaska, gesi nyingi inayotoka hurudishwa chini kwa sababu hakuna bomba la kuipeleka kwa wanunuzi. Ukichukua jumla ya gesi iliyopanda na kuilinganisha na matumizi ya watu, utapata ziada kubwa ambayo haipo. Chukua gesi ya sokoni, uandike hivyo juu ya safu yako ili usije ukasahau.

Ile inayochomwa nayo ipe safu yake pembeni. Benki ya Dunia ilikadiria kuwa mwaka 2023 gesi iliyochomwa hivyo duniani kote ilikuwa takriban mita za ujazo bilioni 148. Katika nchi ambayo umeme haujafika kila nyumba, safu hiyo inauma kuitazama. Itazame hivyohivyo, maana wakati mwingine ndiyo gesi ya karibu zaidi kupatikana.

Hatua ya 2: Leta kila kitu kwenye kipimo kimoja

Kwa mafuta tumia mapipa kwa siku. Kwa gesi tumia mita za ujazo bilioni kwa mwaka. Viwango vya kubadilishia vinavyotosha kwa kazi hii ni hivi:

- Pipa 1 ni galoni 42 za Kimarekani, sawa na lita 159 hivi.
- Tani 1 ya mafuta ghafi ni wastani wa mapipa 7.33. Mafuta mazito huwa na mapipa pungufu kwa tani, mepesi huwa nayo zaidi.
- Tani milioni 1 kwa mwaka ni takriban mapipa 20,000 kwa siku.
- Mita 1 ya ujazo ni futi za ujazo 35.3.
- Futi za ujazo bilioni 1 kwa siku ni takriban mita za ujazo bilioni 10.3 kwa mwaka.
- Tani milioni 1 ya gesi iliyopozwa kwa baridi kali hadi kuwa kimiminika ni takriban mita za ujazo bilioni 1.36 ikirudi kuwa gesi.

Sasa mitego. Gesi hutanuka ikipata joto, kwa hiyo mita ya ujazo iliyopimwa kwenye nyuzi 0 si sawa na iliyopimwa kwenye nyuzi 15. Tofauti ni zaidi ya asilimia 5. Ukiona nchi moja ina gesi "zaidi" katika chapisho hili kuliko lile kwa kiasi kama hicho, angalia joto la kipimo kabla hujamshuku mtu. Kwa takwimu za mwezi, gawa kwa idadi ya siku, la sivyo kila Februari utaona uzalishaji "ukianguka". Mwaka nao si uleule kila mahali. India, kwa mfano, huhesabu mwaka wake wa fedha kuanzia Aprili hadi Machi, na ukiuweka kando ya mwaka wa kalenda unachanganya misimu miwili tofauti.

Hatua ya 3: Chagua chanzo kimoja na ushikamane nacho

Vyanzo vikubwa vya wazi si vingi. Kuna idara ya takwimu za nishati ya serikali ya Marekani, EIA, ambayo inazo nchi karibu zote bila malipo. Kuna Shirika la Kimataifa la Nishati, IEA, lililoundwa 1974 baada ya mshtuko wa mafuta. Kuna JODI, hifadhidata ya kimataifa ambako nchi zenyewe huwasilisha takwimu za kila mwezi. Kuna kitabu cha takwimu cha kila mwaka kilichochapishwa na kampuni ya BP tangu miaka ya 1950 na kukabidhiwa Energy Institute mwaka 2023. Na kuna ripoti ya kila mwezi ya OPEC.

Ripoti hiyo ya OPEC ina funzo zuri. Kwa wanachama walewale hutoa majedwali mawili ya uzalishaji: moja ni la wanachama wenyewe walivyotangaza, jingine ni la makadirio ya wachunguzi wa nje. Hayalingani. Shirika lenyewe linakiri kwa kitendo hicho kwamba namba ya uzalishaji wa nchi ni kitu cha kujadiliwa.

Kwa hiyo usiunge miaka ya 1990 kutoka chanzo kimoja na miaka ya 2010 kutoka kingine. Kwenye kiungo utaona ngazi, na utaiandikia sababu ya kubuni. Ukilazimika kuunga, chukua miaka mitano ambayo vyanzo vyote viwili vinayo, pima tofauti yao, kisha iseme wazi chini ya grafu.

Hatua ya 4: Jenga jedwali la mizania

Nchi chache sana hupima matumizi moja kwa moja. Zinazobaki huyapata kwa hesabu hii:

*matumizi = uzalishaji + kilichoagizwa − kilichouzwa nje − kilichoongezwa ghalani*

Kama ghala limepungua, kiasi hicho kinajumlishwa badala ya kutolewa. Watu hukiruka kipengele hiki cha mwisho kwa sababu takwimu zake ni ngumu kupata, na ndicho kinachodanganya zaidi. Mwaka 2020, bei zilipoanguka na barabara za dunia kuwa tupu, China iliweka rekodi yake ya uagizaji wa mafuta ghafi. Aliyesoma safu ya uagizaji peke yake angesema watu wanaendesha magari kuliko wakati wowote. Ukweli ni kwamba mafuta mengi ya bei rahisi yalikuwa yakiingia kwenye matangi.

Mafuta yanayojazwa kwenye meli na ndege za safari za kimataifa nayo yatengwe. Singapore ndiyo bandari kubwa kuliko zote duniani kwa kujaza meli mafuta. Ukiyahesabu kuwa matumizi ya ndani, kila mkazi wake ataonekana anachoma mafuta kama kiwanda.

Halafu kumbuka kwamba nchi huchimba mafuta ghafi lakini watu hutumia petroli, dizeli, mafuta ya taa na mafuta ya ndege. Kati ya hivyo viwili kuna kiwanda cha kusafishia. Nigeria kwa miaka mingi iliuza mafuta ghafi kwa wingi huku ikiagiza karibu petroli yake yote, kwa sababu viwanda vyake vilikuwa vimelala. Ndiyo maana kuanza kwa kiwanda cha Dangote mwaka 2024, chenye uwezo wa kusafisha mapipa 650,000 kwa siku, kuligeuza safu za jedwali lake bila kisima kipya hata kimoja kuchimbwa. Kwa hiyo tengeneza mizania mbili, moja ya mafuta ghafi na moja ya bidhaa zilizosafishwa, kisha ndipo ujumlishe.

Hatua ya 5: Chora uzalishaji, halafu uuvunje vipande

Weka angalau miaka 30. Kwa takwimu za kila mwezi, tumia wastani wa miezi 12 unaosogea, ili msimu usikupigie kelele. Kisha kwa kila kilele na kila bonde jiulize: ni nini hasa kilichotokea, na ni katika kitalu gani, yaani eneo gani la uchimbaji?

Swali la kitalu ndilo muhimu kuliko yote. Uzalishaji wa nchi si kitu kimoja. Ni jumla ya vitalu vingi, kila kimoja na umri wake, na mara nyingi kimoja au viwili vinabeba vingine vyote. Mexico ni mfano ninaoutumia kila mara. Cantarell, kitalu cha baharini kilichopewa jina la mvuvi aliyetoa taarifa kwamba ameona mafuta yakielea, kilifikia takriban mapipa milioni 2.1 kwa siku mwaka 2004. Hiyo ilikuwa zaidi ya nusu ya mafuta ghafi ya nchi nzima. Ili kufika huko, naitrojeni ilikuwa ikisukumwa ndani kwa nguvu tangu mwaka 2000. Baada ya kilele hicho kilianguka kwa kasi ya kutisha, na mwishoni mwa muongo kilikuwa kimebaki karibu robo. Vitalu vingine vya Mexico vilikuwa vinapanda wakati huohuo, lakini havikuweza kuziba. Mstari wa taifa ulipokuwa ungali juu, hatari ilikuwa tayari inasomeka kwenye mstari wa Cantarell.

Ukishavunja vipande, mishuko itajitenga yenyewe katika aina zake, na kila aina ina umbo.

Mshuko wa uchovu wa mwamba ni wa taratibu na haukomi: shinikizo linapungua, maji yanaingia, kila mwaka asilimia kadhaa zinatoka. Ajali au ukarabati huacha pengo lenye kingo kali, kisha mstari unarudi. Denmark ilizima kitalu chake kikubwa cha gesi, Tyra, mwaka 2019 ili kukijenga upya na kukiwasha tena mwaka 2024; ukichora mstari wa mwelekeo ukaishia 2022, utatangaza kifo cha gesi ya Denmark bila sababu. Uingereza ina vilele viwili vya mafuta, na bonde lililo katikati linahusiana kwa kiasi kikubwa na kazi za usalama baada ya mlipuko wa jukwaa la Piper Alpha mwaka 1988, uliowaua watu 167. Wale 167 wapo ndani ya ule mkunjo wa grafu, na sipendi kuupita bila kuutaja.

Vita huangusha mstari wima, kama Libya mwaka 2011, ambako zaidi ya mapipa milioni 1.6 kwa siku yalikaribia sifuri ndani ya miezi. Kuporomoka kwa uwekezaji na usimamizi hufanana na uchovu wa mwamba lakini si huo: Venezuela ina akiba iliyothibitishwa kubwa kuliko nchi yoyote, takriban mapipa bilioni 300, na bado ilishuka kutoka zaidi ya milioni 3 kwa siku mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi chini ya nusu milioni katikati ya 2020. Vikwazo vya Marekani viliongeza uzito, lakini mteremko ulikuwa umeanza kabla yake. Mwisho kuna mshuko wa kuamuliwa. Groningen, Uholanzi, ilikuwa hazina ya gesi ya Ulaya tangu ilipogunduliwa 1959. Uchimbaji ukaanza kutetemesha ardhi, tetemeko la Huizinge la 2012 likafikia kipimo cha 3.6, nyumba zikapasuka, na serikali ikabana mfereji hadi uchimbaji ulipositishwa Oktoba 2023. Gesi ilikuwa bado imo ardhini kwa wingi.

Kama hujui mshuko unaoutazama ni wa aina gani, usiupe asilimia ya kuendelea nao mbele.

Hatua ya 6: Chora matumizi, na uulize nani anatumia

Mstari huu hauna fujo nyingi, ila ni mkaidi zaidi. Uvunje kwa matumizi: usafiri, umeme, viwanda, majumbani, na mbolea na kemikali. Mafuta kwa kawaida hutawaliwa na usafiri. Gesi hutawaliwa na umeme, joto la majumbani na viwanda, ndiyo maana mstari wa gesi wa nchi za baridi huyumba kila msimu na ule wa mafuta hautikisiki sana.

Tafuta vitu vitatu. Cha kwanza ni bei ya ndani. Iran ina akiba ya gesi ya pili kwa ukubwa duniani, na kwa bei ya chini sana kwa wananchi wake hutumia ndani karibu yote inayochimba. Majira ya baridi huleta uhaba juu ya bahari ya gesi. Cha pili ni mafuta yanayochomwa kwa umeme: Saudi Arabia huchoma mafuta ghafi katika mitambo ya umeme wakati wa kiangazi, viyoyozi vinapofanya kazi usiku na mchana, kwa hiyo kila mtambo wa gesi au wa jua inaoujenga huongeza mafuta ya kuuza bila kuchimba. Cha tatu ni mabadiliko ya vyombo. Nchini Norway, mwaka 2024, karibu magari 9 kati ya 10 mapya yalikuwa ya umeme. Angalia kwamba hayo ni magari mapya. Ya zamani bado yako barabarani, kwa hiyo mstari wa petroli unainama pole, hauvunjiki.

Mwaka 2020 uweke alama. Matumizi ya mafuta duniani yalipungua kwa karibu asilimia 9, na mwelekeo wowote unaoanzia au kuishia mwaka huo utakupa jibu la uongo.

Hatua ya 7: Tazama pengo

Sasa weka mistari yote miwili pamoja, na chini yake chora mstari wa tatu: uzalishaji ukitoa matumizi. Huo wa tatu ndio ulioufanyia kazi yote hii.

Chukua nchi ya mfano inayochimba mapipa 600,000 kwa siku na kutumia 400,000. Ziada ni 200,000. Uzalishaji unashuka asilimia 5 kwa mwaka na matumizi yanapanda asilimia 4; namba za kawaida kabisa, hakuna atakayeziita janga. Baada ya mwaka mmoja inachimba 570,000 na kutumia 416,000, kwa hiyo ziada ni 154,000. Baada ya miwili ziada ni 109,000 hivi. Uzalishaji umepungua chini ya asilimia 10, lakini kiasi cha kuuza nje kimepungua kwa asilimia 45. Katikati ya mwaka wa tano ziada imekwisha. Kama matumizi yangesimama palepale, ingekwisha karibu na mwaka wa nane.

Fanya hesabu hii kwa mkono wako mara moja, na hutasoma tena habari ya "uzalishaji umepungua kidogo tu" kwa utulivu. Bajeti ya serikali inayotegemea fedha za kigeni haishuki kwa mwendo wa uzalishaji. Inashuka kwa mwendo wa pengo.

Misri imepita hapo mara mbili. Iliuza gesi nje, matumizi ya ndani yakaifikia, na mwaka 2015 ikaanza kuagiza kwa meli. Mwaka huohuo kampuni ya Eni ikagundua kitalu cha Zohr baharini, kikaanza kutoa Desemba 2017, na mwaka 2018 nchi ikatangaza kujitosheleza. Uzalishaji ulifika kileleni mwaka 2021, kisha ukaanza kushuka huku mahitaji ya umeme yakiongezeka. Mwaka 2024 meli za gesi zilikuwa zikishusha tena shehena. Kitalu kimoja kikubwa kilinunua miaka michache. Grafu ya pengo inaonyesha ni michache kiasi gani kuliko hotuba yoyote ya uzinduzi.

Hatua ya 8: Ukitazama mbele, tazama kwa upana

Kwanza achana na ile hesabu ya kugawa akiba kwa uzalishaji wa mwaka na kusema "tuna mafuta ya miaka 40". Hakuna kitalu kinachotoa kiasi kilekile miaka 40 kisha kikakoma siku moja. Na akiba yenyewe ni kiasi kinachoweza kuchimbwa kwa faida kwa bei na teknolojia ya leo, kwa hiyo hubadilika bei ikibadilika.

Kisha chora njia tatu: uchovu wa sasa ukiendelea, miradi iliyokwisha kuidhinishwa ikiingia kwa wakati, na miradi hiyo ikichelewa miaka mitatu. Ugunduzi usiuhesabu kuwa uzalishaji. Kati ya kisima cha kwanza chenye bahati na pipa la kwanza la kuuza, miaka kumi si ajabu. Kwa hesabu ya haraka, gawa 70 kwa asilimia ya mabadiliko upate miaka ya kupungua kwa nusu au kuongezeka maradufu: kushuka kwa asilimia 7 kwa mwaka kunakula nusu ndani ya miaka 10.

Na uwe mnyenyekevu. Mwaka 1956 mwanajiolojia M. King Hubbert alitabiri kwamba mafuta ya Marekani, ukiiacha Alaska, yangefika kileleni ifikapo 1970 hivi, na yakafika. Kwa karibu miaka 40 mteremko ulimpa haki, hadi mapipa milioni 5 kwa siku mwaka 2008. Ndipo uchimbaji wa kulaza visima na kupasua miamba kwa maji ya shinikizo ukaugeuza mstari, ukapita kilele cha zamani na kuendelea. Mwamba ulikuwa uleule.

Hatua ya 9: Andika ulichokiona kwa sentensi zinazoweza kupimwa

Taja kitu, kipimo, kipindi na sababu. "Gesi ya nchi inapungua" haitoshi. Andika hivi: "Gesi ya sokoni imepungua tangu 2021, hasa kwa sababu ya kitalu kimoja, matumizi ya umeme hayajapungua, pengo limegeuka nakisi mwaka 2024." Weka tarehe uliyochukua takwimu, kwa sababu namba za miezi ya karibuni hurekebishwa, na za mwaka uliopita pia. Rudi baada ya miezi sita, pakua upya safu zote, si mwezi mpya peke yake, na ulinganishe na ulichokiandika.